Uzi: Kuzuia wezi nyumbani kwa gharama ndogo na mikono yako mwenyewe. Anza na mlango, kamera baadaye

Komeo la Ndani (mleta mada)

Wakuu, kila akiibiwa mtu, swali la kwanza ni "ninunue kamera gani?" Kwangu mimi hapo mtu ameanzia mwisho. Kamera itakuonyesha jamaa akiondoka na televisheni yako, lakini wa kumkwamisha nje ni mlango. Kwa hiyo uzi huu ni wa vitu vya bei nafuu ambavyo mwenye bisibisi, drili ya kuazima na nusu siku ya mapumziko anaweza kuvifanya mwenyewe. Mafundi mliomo, karibuni mkosoe.

Kwanza tujue tunapambana na nani. Wezi wengi wa majumbani si wale wa kwenye sinema wanaofungua kitasa kwa kijiwaya. Wanatafuta nyumba isiyo na mtu, isiyoonekana vizuri kutoka barabarani, yenye mlango unaokubali teke au dirisha linalokubali bisibisi nene. Mwizi wa namna hii hapendi kuchelewa wala hapendi kelele. Huko Ulaya kuna kiwango cha milango na madirisha kinaitwa EN 1627. Mlango wa daraja la RC2 unapimwa kwa kushambuliwa na bisibisi, koleo na kabari kwa dakika 3. Dakika 3 tu wakuu! Maana yake hata wataalamu hawakuahidi mlango usiofunguka, wanakuuzia muda. Na muda huo una kazi: Uholanzi ilipoanza kulazimisha nyumba mpya ziwe na milango na madirisha ya kuhimili wizi mwaka 1999, watafiti waliolinganisha nyumba hizo na zilizojengwa kabla ya sheria walikuta hatari ya kuvunjiwa imepungua kwa 26%. Hapo hakuna king'ora wala kamera, ni mbao, vioo na vyuma vilivyofungwa sawasawa.

Kabla hujanunua chochote, toka nje, funga mlango, ujifanye umesahau ufunguo na lazima uingie. Ungepitia wapi? Kila mtu analijua jibu la nyumba yake mwenyewe, ila hataki kulisema. Dirisha la jikoni lisilokaza. Mlango wa uani wenye komeo la kiganja. Ngazi iliyoegeshwa ukutani mwaka mzima. Mtaimbo na nyundo vimeachwa nje, yaani mwizi anakuja mikono mitupu na vifaa anavikuta kwako.

Sasa mlango. Watu wananunua kitasa cha maana halafu wanakifunga kwenye fremu ya ovyo. Mlango ukipigwa teke, mara nyingi kitasa hakivunjiki. Kinachopasuka ni ubao wa fremu pale ulimi wa kitasa unapoingia. Fungua mlango uangalie lile bati dogo kwenye fremu. Chomoa skrubu moja uipime. Ukikuta ni ya sentimita 2, basi hicho ndicho kinachokulinda usiku. Badilisha uweke skrubu za milimita 75 zinazopita fremu na kuingia kwenye ukuta wenyewe. Kama ukuta ni wa tofali au zege, toboa kwa drili yenye biti ya zege, weka plagi ya ukutani, ndipo ukaze. Kazi ni hiyohiyo kwenye bawaba: kila bawaba ipate angalau skrubu mbili ndefu. Ukiweza pata bati refu la chuma badala ya lile dogo, ili nguvu ya teke igawanyike kwenye urefu wa fremu.

Baada ya hapo weka makomeo mawili ya ndani, juu na chini. Mlango wenye kitasa cha katikati peke yake hucheza kwenye pembe, na penye kucheza ndipo mtaimbo unapopata pa kushika.

Nimemaliza upande wangu. Madirisha nawaachia wengine.

---

fundi_bawaba

Mleta mada umenena. Nafunga milango kwa ajili ya kula yangu, niongeze machache.

Moja, mlango unaofungukia nje, bawaba zake ziko nje. Mwizi anagonga pini juu kwa tindo, anang'oa mlango upande wa bawaba na kitasa chako kizuri kinabaki kimefungwa vilevile. Dawa yake ni rahisi mno. Fungua mlango, chomoa skrubu moja kwenye bawaba na ile inayotazamana nayo upande wa fremu. Upande wa fremu pigilia msumari mnene au skrubu ngumu, kata kichwa, acha itokeze kama sentimita moja. Upande wa mlango panua tundu. Mlango ukifungwa, ile nguzo inaingia kwenye tundu. Pini hata zikitolewa zote, mlango hautoki. Fanya hivyo bawaba ya juu na ya chini.

Mbili, silinda ya kitasa, yaani kile kipande unapoingiza ufunguo. Ikitokeza nje ya bati lake zaidi ya milimita 3 hivi, mtu anaibana kwa koleo na kuivunja katikati, kwa sababu pale katikati pana tundu la skrubu na chuma ni chembamba. Nunua silinda ya urefu sahihi, au bati nene linaloifunika, ila boliti za bati hilo zikazwe kutokea ndani.

Tatu, kufuli. Watu hupima ukubwa wa kufuli na kusahau kile chuma kinachoshikiliwa na kufuli. Kama vichwa vya skrubu zake vinaonekana mlango ukiwa umefungwa, hiyo kufuli ni pambo. Tumia boliti za kichwa cha duara zinazopita mlango mzima, ndani weka washa pana na nati. Kufuli yenyewe chagua ile ambayo pingu yake imefichwa na mabega ya kufuli, mkasi wa kukatia vyuma usipate nafasi. Na kumbuka, kufuli kubwa mlangoni kwa nje inatangaza kwamba ndani hakuna mtu.

Ile milango ya plaiwudi yenye uwazi ndani haina maana kuiwekea kitasa cha gharama, inatobolewa kwa ngumi. Iache vyumbani. Kama huna uwezo wa kubadilisha mlango wa nje kwa sasa, funika upande wa ndani kwa plaiwudi nene au bati la chuma, ufunge kwa boliti, na ubadili bawaba maana uzito utaongezeka.

---

MpangajiWaJuu

Shukrani kwa uzi. Swali: sisi wapangaji tunafanyaje? Mwenye nyumba hataki hata msumari ukutani. Na mpangaji aliyepita alirudisha ufunguo mmoja tu.

---

fundi_bawaba

Mkuu, huo ufunguo mmoja ndio wa kwanza kushughulikia. Huna haja ya kubadilisha kitasa kizima wala kutoboa kitu. Kwenye ukingo wa mlango, chini ya ulimi, kuna skrubu ndefu moja. Itoe. Ingiza ufunguo, uzungushe kidogo sana kushoto au kulia huku unaivuta silinda, itachomoka. Pima kutoka katikati ya tundu la skrubu hadi kila mwisho, maana pande mbili zaweza kutofautiana. Nunua yenye vipimo hivyo, irudishie kwa njia hiyohiyo. Silinda ya zamani ihifadhi, siku ya kuhama unamrudishia mwenye nyumba mlango wake kama ulivyoukuta.

---

Mama wa Watatu

Naomba niwe mkali kidogo. Kila ukizungumziwa ulinzi, watu hukimbilia nondo madirisha yote na kufuli kila mahali, kisha ufunguo unawekwa "pale juu ya kabati". Moto ukiwaka usiku, moshi umejaa, umeme hakuna, mtoto wa miaka saba atafikaje juu ya kabati? Mlango wa kutokea usiwe wa kutafutia ufunguo ukiwa ndani. Komeo la kuzungusha kwa mkono linatosha. Kama lazima ufunguo utumike, uwe na mahali pake pamoja karibu na mlango, kila mtu ndani ya nyumba apajue hata gizani, na mtu wa nje asipafikie kwa mkono au kwa fimbo kupitia dirishani.

Na angalau dirisha moja upande wa vyumba vya kulala liwe na grili ya kufunguka kwa bawaba, kufuli yake ndani. Wafundisheni watoto kuifungua, wajaribu wenyewe.

---

Komeo la Ndani (mleta mada)

Mama, hiyo ilipaswa kuwa juu kabisa ya uzi. Grili ya kufunguka fundi wa kuchomelea haimpi shida, ni bawaba mbili za ziada na kipande cha kushikia kufuli.

Kuhusu grili zenyewe: chomelea iingie ukutani, usikubali ifungwe kwa skrubu kwenye fremu ya mbao. Nondo za wima peke yake hutanuliwa kwa jeki ya gari, dakika chache mtu kapita. Weka vyuma bapa vya mlalo vinavyofunga nondo hizo kila baada ya nafasi fupi. Nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 12, kwa sababu penye kupita kichwa cha mtoto mwembamba mwili nao unapita, na wezi wengine huja na watoto kwa kazi hiyohiyo.

---

Kipanga

Mleta mada unazidharau kamera bure. Mwizi akiiona tu anaenda kwingine. Kuna utafiti wa Joseph Kuhns wa Chuo Kikuu cha North Carolina kule Charlotte, Marekani, waliwahoji wezi wa majumbani 422 waliokuwa jela. Wapatao 83% walisema huangalia kwanza kama nyumba ina king'ora, na 60% walisema wakikikuta wanatafuta nyumba nyingine. Hata kibao cha "nyumba hii ina ulinzi" kina faida yake.

---

Komeo la Ndani (mleta mada)

Utafiti sawa mkuu, lakini usome kwa pande zote mbili. Kama 60% wanaondoka, 40% wamebaki wanautazama mlango wako, na mlango wenyewe una skrubu za sentimita 2. Isitoshe wale walikuwa wanazungumzia king'ora kinachopiga kelele na kuita watu. Kamera bubu ya plastiki yenye kitaa chekundu kinachowaka na kuzima saa zote, mwizi mzoefu anaitambua kutoka getini.

Mwenye nafasi aweke, sikatai. Ila masharti: kinachohifadhi picha kisikae karibu na televisheni, kitabebwa nayo. Badilisha nywila iliyokuja na kamera siku ileile unayoifunga. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na vifaa vingi sana vya majumbani duniani kwa kujaribu nywila za kiwandani tu, basi. Na ielekee mlango na uso, sio paa la jirani.

---

Mzee wa Nyaya

Vijana, naona mmechangamka. Mimi nizungumzie umeme kwa sababu najua kuna mtu anawaza kitu asichokisema hapa.

USIUNGE waya wa umeme wa nyumba kwenye grili, geti au senyenge. Kamwe. Uzio wa umeme wa kweli una mashine yake inayotoa mapigo mafupi sana, takriban moja kila sekunde, ili mtu ashtuke na aachie. Umeme wa nyumba hauachii, unamshika mtu mpaka afe. Atakayekufa anaweza kuwa mtoto aliyefuata mpira, na wewe utajibu kesi ya kuua. Uzio wa umeme sio kazi ya kujifanyia nyumbani.

Cha kujifanyia ni taa za kuwaka mtu anapopita. Kile kisensa kinanusa joto la mwili linalohama. Kifunge urefu wa mita 2 hadi 2.5. Mtu anayekatiza mbele yake kinamwona haraka, anayekijia moja kwa moja kinachelewa kumwona. Kwa hiyo usikielekeze getini, kifunge ubavuni ili anayetoka getini akikatize. Kisielekee majani yanayochezacheza juani wala sehemu inayotoa hewa ya moto, kitawaka ovyo hadi majirani wazoee na wasitazame tena. Taa za sola za aina hii ni nafuu na hazihitaji waya, lakini paneli ipate jua la kutosha. Ukiiweka chini ya paa itakuzimikia saa nane za usiku, saa ya kuihitaji.

Halafu ving'ora vidogo vya sumaku. Vipande viwili, kimoja kwenye mlango, kingine kwenye fremu. Sumaku ikitengana na kisensa, kinalia. Vinatumia betri ndogo za duara, vinabandikwa kwa gundi, mpangaji hatoboi kitu. Mlio wake unatosha kuamsha nyumba nzima. Jaribu betri kila mwezi.

---

MpangajiWaJuu

Mzee heshima yako. Hivyo vya sumaku nitaweka. Nimeona pia kabari za mlangoni zenye king'ora, unaisukuma chini ya mlango, mtu akiusukuma inakaza na kulia. Zina kazi kweli?

---

Mzee wa Nyaya

Zina kazi ukiwa ndani umelala, na mlango uwe unafungukia ndani. Kwenye sakafu laini ya vigae hakikisha chini ina mpira, la sivyo inateleza na kulia huku mtu anaingia. Ukitoka nyumbani haikusaidii kitu.

---

Jirani Mwema

Nasoma kimyakimya tangu mwanzo, naona mmeruka kitu ambacho ni bure kabisa. Jirani.

Katika miaka ya 1980 kulikuwa na mradi mtaa wa Kirkholt, mji wa Rochdale, Uingereza. Wizi wa majumbani ulikuwa mwingi mno pale. Waligundua kwamba nyumba iliyokwisha kuibiwa ndiyo yenye nafasi kubwa ya kuibiwa tena. Mwizi anaijua ramani, anajua njia ya kutokea, na anajua umenunua televisheni mpya. Wakafanya hivi: nyumba ikiibiwa, wanaimarisha vitasa na madirisha yake haraka, halafu nyumba sita hivi zinazoizunguka zinaombwa kuiangalia kwa macho tu na kutoa taarifa. Waliondoa pia mita za umeme na gesi za kutumbukiza sarafu, maana pesa ndani ya mita ndizo zilizokuwa zikifuatwa. Ndani ya miezi 5 wizi ulishuka hadi 40% ya ulivyokuwa.

Kwa hiyo aliyeibiwa jana asikae akisema "radi haipigi mahali pamoja mara mbili". Wezi hurudi. Wiki zinazofuata ndizo za kuwa macho, na majirani wa pande zote nao wakae macho, kwa sababu na wao wako karibu kwenye orodha.

Ukisafiri mwachie jirani mmoja namba yako na umwambie tarehe ya kurudi. Usiwatangazie watu wote kwenye "status" kwamba upo ufukweni na familia nzima; picha weka ukisharudi. Boksi la televisheni mpya lichanwe, usiliegeshe zima kwenye jalala la nje. Na ufunguo chini ya chungu cha maua jamani, hata mbuzi wa jirani anajua upo pale.

---

Kipanga

Jirani hapo umenigusa, hilo la status nakubali bila ubishi. Je, mbwa?

---

Jirani Mwema

Mbwa mdogo mwenye kelele anatosha, kazi yake ni kubweka. Ila mbwa ni kiumbe, anataka chakula, chanjo na mtu wa kumjali. Kama unamtaka kama king'ora tu, nunua king'ora.

Mimea nayo inasaidia: maua ya boganvilia au mkonge chini ya dirisha hakuna anayependa kusimama humo. Lakini punguza yanayoficha dirisha lenyewe. Kichaka kirefu mbele ya dirisha kinamstarehesha mwizi, anafanya kazi yake bila kuonekana. Kokoto kwenye njia ya pembeni zinapiga kelele zikikanyagwa, na hazihitaji betri.

---

Mama wa Watatu

Niongeze la kitaratibu. Piga picha vitu vyote vya thamani, andika namba za kiwandani, za simu bonyeza *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Zihifadhi mahali nje ya hiyo simu. Hazizuii wizi, lakini polisi wakikamata mzigo, mwenye namba ndiye anayethibitisha kuwa ni chake.

Na ukiamka usiku ukasikia mtu sebuleni, usiende kupambana na mtu usiyejua ana nini mkononi. Kusanya watoto chumba kimoja, funga, piga simu, piga kelele dirishani. Chagueni chumba hicho mapema na mlango wake uwe na komeo la maana kwa ndani, simu ya akiba yenye chaji ikae humo.

---

msomaji_mpya

Wakuu habari. Nyumba yetu ina madirisha ya luva na sebuleni ya aluminiamu ya kuslaidi. Grili bado hatujajipanga kifedha. Kuna cha kufanya wiki hii?

---

fundi_bawaba

Kipo mkuu. Ya kuslaidi kwanza, maana ni rahisi. Kata mti au bomba la chuma la urefu kamili wa nafasi inayobaki kwenye reli ya chini dirisha likifungwa, lilaze humo. Dirisha halitaslaidi hata kitasa chake kikivunjwa. Kisha angalia juu: madirisha mengi ya aina hii hunyanyuliwa yakatoka kwenye reli. Fungua dirisha, kwenye reli ya juu kaza skrubu mbili tatu ambazo vichwa vyake vinashuka kiasi cha kuziba ile nafasi ya kunyanyulia, dirisha lipite chini yake bila kukwaruza.

Luva ndiyo mbaya. Kioo kinashikiliwa na vikucha vya aluminiamu, mtu anavikunja kwa kidole na kuchomoa vioo kimoja kimoja bila sauti, anavipanga chini vizuri. Nunua gundi ya epoksi ya kuchanganya. Safisha ncha za kila kioo kwa spiriti zikauke, paka gundi pande zote mbili ndani ya kishikizo, rudisha kioo, acha usiku mzima bila kuchezesha mkono wa kufungulia. Baada ya hapo kioo hakichomoki, lazima avunje, na kuvunja ni kelele. Ubaya wake kioo kikipasuka siku moja utabadilisha na kishikizo chake.

Chumba cha kulala uache dirisha moja usiligundishe mpaka upate ile grili ya kufunguka aliyoisema Mama hapo juu. Na kwa nje, kama dirisha linafikika kwa kusimama chini, anza na hilo; la ghorofani lisubiri, isipokuwa lile lililo juu ya kibaraza au karibu na tangi la maji.